Mzee Mingiedi na sumaku za magari mabovu



Mimi ni mtu wa agronomia. Nimesoma mpunga, muhogo na udongo, sikusoma umeme. Kwa hiyo wale wenzetu wa umeme wakiona nimekosea mahali, wanirudishe kwenye njia, sitakasirika. Ila leo nataka tumkumbuke mtu mmoja ambaye alijitengenezea mikro na vyombo vya kukuza sauti kwa vitu ambavyo wengine walitupa, na mwishowe dunia nzima ikamsikia. Jina lake ni Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono N°1 ya Kinshasa. Alikufa Aprili 2015, akiwa mzee wa miaka karibu 85. Niko na sababu yangu ya kumleta hapa kwenye ukurasa wetu, na nitaisema kabla sijamaliza.

Tuanze na shida yenyewe: sauti nzuri ni bei. Hii haikuanza leo, wala haikuanza kwetu. Mwaka wa 1947, Uingereza ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye vita na watu hawana pesa, jarida moja la London linaloitwa Wireless World lilitoa mchoro wa ampli uliofanywa na injinia D. T. N. Williamson. Ile ampli ilikuwa na sauti safi kuliko nyingi zilizouzwa dukani wakati ule. Williamson hakuficha kitu. Alitoa mchoro, alitoa vipimo vya transfo, akaeleza kila hatua. Watu wakaenda kutafuta vipande, wakakaa usiku mezani na chuma cha kuchomea risasi, wakajijengea. Wengi walikuwa watu wa kawaida tu, walimu na makarani, wenye hamu ya kusikia muziki vizuri.

Marekani kulikuwa mtu mwingine, David Hafler wa Philadelphia, aliyezaliwa 1919 na kufa 2003. Huyu ndiye anayekumbukwa sana wakati watu wanaongea juu ya vyombo vya sauti vya kujijengea kwa bei ndogo. Mwaka wa 1951, yeye na Herbert Keroes waliandika juu ya njia mpya ya kuunganisha lampu za ampli na transfo, ili sauti itoke na makosa machache. Baadaye kampuni yake, Dynaco, ikatoa mwaka wa 1959 ampli iliyoitwa Stereo 70. Ilikuja ndani ya katoni, vipande vipande: lampu, transfo, nyaya, skrubu. Sehemu ile ngumu, yenye vipande vidogo, ilikuwa imekwisha kutengenezwa kiwandani kwenye ubao mmoja. Kilichobaki kilikuwa kazi ya jioni moja au mbili kwa mtu asiyejua kitu. Na ndani ya katoni kulikuwa kitabu. Kitabu kilisema: chukua waya huu, kata urefu huu, peleka pale, choma, weka alama kwamba umemaliza, nenda hatua inayofuata. Mtu alilipa karibu dola 100, na alipata ampli ambayo kwa sauti ilikaa karibu na zile za matajiri. Kuna watu mpaka leo wanazitumia.

Kwetu upande wa kusini, ng'ambo ya mpaka wa Katanga, wakoloni Waingereza walijaribu njia nyingine. Huko Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, bwana Harry Franklin wa ofisi ya habari alitafuta redio ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua. Mwaka wa 1949 ikatoka redio ya batri ambayo mwili wake ulianzia kwenye sufuria ya alumini, na watu wakaiita kwa jina la sufuria. Bei ilikuwa pauni 5, bila batri. Watu wakainunua kweli. Lakini muone tofauti: ile ilikuwa redio ya kununua na kusikiliza. Aliyeongea alikuwa mwingine, wewe ulikuwa na kazi ya kusikia tu.

Sasa Mingiedi. Yeye hakuwa na jarida la London, hakuwa na katoni yenye kitabu, na hakutaka kusikiliza tu. Alitaka kusikiwa.

Alikuwa Muzombo, mtu wa kabila linaloishi pande zote mbili za mpaka wa Congo na Angola. Wazombo wako na muziki wa zamani wa pembe zilizotengenezwa kwa meno ya tembo, muziki wa kuita wahenga na kucheza mpaka mtu atoke jasho la kichwa. Mingiedi aliuhamisha ule muziki wa pembe na kuuweka kwenye likembe. Kwa vijana wetu ambao hawajaigusa: likembe ni kibao au kisanduku kidogo cha mbao chenye vichane vya chuma, unavibonyeza na kuviachia kwa vidole gumba. Ni chombo cha mtu mmoja anayetembea njia ndefu, au cha jioni karibu na moto. Sauti yake haivuki uwanja.

Kwenye kijiji hiyo si shida. Kinshasa ni shida kubwa. Miaka ya 1960, wakati Mingiedi alianzisha kundi lake, muji ulikuwa unajaa watu kila siku, magari yanapiga honi, na kila baa iko na ampli yake. Orchestra kubwa kama OK Jazz ya Franco zilikuwa na gitaa za umeme na vyombo vilivyotoka Ulaya. Mtu mwenye likembe, ukimweka katikati ya ile kelele, ni kama kuku anayeongea karibu na treni. Ama unanyamaza, ama unatafuta umeme. Na umeme wa kununua dukani haukuwa wa mfuko wake.

Hapa ndipo kazi yake inaanza. Niieleze polepole, juu ndiyo kiini cha mambo.

Sumaku ukiizungushia waya mwembamba wa shaba mara nyingi sana, halafu ukatikisa chuma karibu yake, kwenye ule waya kunazaliwa umeme kidogo. Michael Faraday aliona jambo la namna hii London mwaka wa 1831, na dinamo zote za dunia zinafanya kazi kwa siri hiyo moja. Chuma kikitikisika mara 200 kwa sekunde, umeme nao unaenda na kurudi mara 200. Upeleke ule umeme kwenye ampli, ampli iufanye mkubwa, halafu usukume karatasi ya bafle: bafle itatikisika mara 200 pia. Sauti ya chuma imekuwa sauti ya bafle. Gitaa ya umeme inafanya hivyo hivyo kwa nyuzi zake.

Sasa angalieni likembe. Vichane vyake ni vya chuma! Kumbe chombo cha mababu kilikuwa tayari kwa umeme, kilikosa tu sumaku na waya. Na sumaku ziko wapi? Ziko ndani ya magari mabovu. Mingiedi alizitoa kwenye vipande vya magari yaliyokufa, akazizungushia waya wa shaba, akaziweka kwenye likembe. Mikro za waimbaji alizitengeneza vilevile, mwili wa mbao iliyochongwa kwa mkono, ndani sumaku ya gari. Ngoma zilisindikizwa na sufuria na vyuma vya gari. Na kwa kutoa sauti nje walitumia zile bomba za kusemea ambazo kwa Kifaransa cha Kinshasa zinaitwa lance-voix, zilizobaki tangu wakati wa Wabelgiji. Chombo ambacho mkoloni alikitumia kutangazia watu amri, sasa kilitangaza muziki wa Wazombo barabarani.

Kundi lilikuwa na likembe tatu za umeme: moja ya sauti nzito, moja ya katikati, moja ya juu. Ukifikiri vizuri, ni mpango uleule wa bafle nzuri, yenye opalere kubwa kwa sauti ya chini na ndogo kwa sauti ya juu. Mingiedi aligawa kazi hiyo kati ya watu watatu.

Watu wa vyombo vya sauti wako na neno ambalo kwa lugha yetu tunaweza kusema uaminifu: kitu kilichoingia kitoke vilevile, bila kuongezwa, bila kupunguzwa. Kwa kipimo hicho, vyombo vya Mingiedi vingeanguka mtihani. Vilikwaruza, vilinguruma, sauti ilitoka na vumbi lake. Mwanzoni ule mkwaruzo haukutafutwa, ulikuwa kosa la vifaa. Lakini wanamuziki wakausikiliza, wakaona unaongeza nguvu, wakaanza kuupigia. Mimi nafikiri kulikuwa uaminifu wa aina nyingine pale. Pembe ya tembo nayo ikipulizwa na nguvu inakwaruza. Sijui kama Mzee aliwaza hivyo, lakini nikisikia zile likembe kupitia simu yangu, nasikia pembe.

Mwaka wa 1978, Mfaransa mmoja wa Radio France, Bernard Treton, aliwarekodi mjini Kinshasa, pamoja na makundi mengine ya mjini yenye muziki wa kienyeji. Wakati ule jina la kundi lilikuwa refu, Orchestre Folklorique T.P. Konono N°1, na T.P. maana yake ni Tout Puissant, Mwenye nguvu zote. Kanda hizo zikatoka kwenye diski ya Ocora mwaka wa 1986. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, alikuwa amesikia muziki huo kwenye redio ya Ufaransa, haukumtoka kichwani. Alikuja Kinshasa mwaka wa 1989 kuwatafuta, hakuwaona. Aliendelea kuuliza miaka na miaka, mpaka karibu mwaka wa 2000 akampata Mingiedi, bado yuko hai, bado anapiga. Kenis akawarekodi na kompyuta ya mkononi, na mwaka wa 2004 nyumba ya muziki ya Brussels, Crammed Discs, ikatoa diski ya Congotronics.

Basi mambo yakafunguka. Mwaka wa 2006 BBC iliwapa zawadi katika muziki wa dunia, kwenye kundi la wanamuziki wapya. Wapya! Mzee alikuwa na miaka zaidi ya 70, kundi lake limepita miaka 35. Mwaka wa 2007 Björk wa Iceland aliwaweka kwenye wimbo wake. Walishiriki pia kwenye diski ya Herbie Hancock, The Imagine Project, iliyotoka 2010, na kazi hiyo ikapata Grammy mwaka wa 2011. Wakazunguka Ulaya, Marekani, Japani. Mzee alipochoka, mwanawe Augustin Makuntima akashika likembe ya mbele.

Hapa nataka tusimame kidogo, juu niko na mashaka na namna hadithi hii inasimuliwa. Wengi wanaisimulia kama sifa ya umaskini: ona Waafrika, hawana kitu, na bado wanafanya maajabu. Mimi siipendi. Mingiedi hakuchagua magari mabovu kwa sababu ni mazuri. Aliyachukua kwa sababu mikro ya dukani ilimshinda bei. Tukisifu ukosefu, kesho watu watatuambia tubaki nao. Cha kusifu ni akili: kuona kwamba ndani ya gari lililokufa kuna sumaku inayoishi, na kwamba kichane cha likembe na uzi wa gitaa ni ndugu.

Kitu cha pili, na hiki ndicho kilinisukuma kuandika. Weka Hafler na Mingiedi meza moja. Wote wawili waliona bei ya sauti inawafungia watu mlango. Wote wawili walifungua mlango kwa mikono. Lakini Hafler aliacha kitabu ndani ya katoni. Leo kijana yeyote mahali popote anaweza kupata mchoro wa Stereo 70 na kuijenga, ingawa Hafler amekufa zaidi ya miaka 20. Kazi ya Mingiedi ilipita njia nyingine: baba anaonyesha mtoto, mtoto anaangalia mikono. Njia hiyo si mbaya, ndiyo iliyotulea wote. Lakini iko na hatari moja: mikono ikifa kabla ya mtoto kumaliza kuangalia, hakuna pa kurudia. Mingiedi aliponea chupuchupu. Kama Treton hangepita 1978, na kama Kenis angechoka kutafuta baada ya 1989, tungekuwa leo na nini? Wazee wachache wa Kinshasa wanaosema, "kulikuwa watu fulani wanapiga likembe na umeme."

Na sisi Kindu tusicheke Kinshasa.

Sisi wa agronomia tunajua jambo hili kwenye mbegu. Mama wa Alunguli anajua mpunga upi unavumilia maji yakipanda na upi unaiva mapema, na hakuna karatasi yoyote yenye maneno yake. Tunamwita "mkulima wa kienyeji", halafu tunaandika yale aliyotuambia kwenye kazi yetu ya mwisho wa masomo, bila jina lake. Mafundi nao ni hivyo.

Kulikuwa fundi mmoja hapa Mikelenge, jina lake nabaki nalo. Msimu mmoja nilikuwa nafanya kazi na vikundi vya wakulima wa mpunga, na tulikuwa na bafle ya kusemea ambayo ililetwa kwa ndege na kwa bei kali. Ilikufa siku tatu kabla ya mkutano. Nilimpelekea bila imani. Alifungua, akanusa (ndiyo, alinusa), akasema, "Transfo imeungua, mwanangu. Kuja kesho kutwa." Nilikaa nikiangalia akianza. Alitoa waya wa shaba kwenye transfo nyingine mbovu, akauzungusha upya kwa mkono. Kila akifika mizunguko 100 aliweka punje moja ya mahindi ndani ya kopo. Nilimuuliza, "Papa, unajuaje zinatakiwa ngapi?" Akacheka, akagusa paji la uso. Siku ya mkutano bafle ilisikika mpaka nyuma ya miembe.

Nilimuambia, "Papa, hii tuiandike. Nitaleta daftari, wewe utasema, mimi nitaandika." Alifurahi sana. Akaniambia nije siku yoyote, hata Jumapili baada ya misa. Halafu kazi ikanishika, msimu ukaja, ripoti zikaja, nikaahirisha. Mara mbili nilipita mbele ya kibanda chake na pikipiki, nikapunga mkono. Siku nilikwenda na daftari, nilikuta matanga yamekwisha wiki mbili.

Vijana wake wako pale mpaka leo. Wanajua kubadilisha opalere, wanajua kuunganisha batri na pano ya jua, wanatengeneza masanduku ya bafle kwa mbao za kwetu na yanalia vizuri. Lakini transfo ikiungua wanasema, "hii haitengenezwi, ununue mpya." Kopo la punje za mahindi bado liko juu ya rafu. Nililiona. Hakuna anayejua hesabu iliyokuwa inaenda nalo.

Hakuna ofisi ya kulaumu hapo. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na daftari, nilikuwa na lisansi inayosema kwamba najua kuuliza na kuandika. Kilichokosekana ni mimi kusimamisha pikipiki.

Kwa hiyo wapendwa, ombi langu ni dogo. Tuko wengi kwenye chama hiki: wa sheria, wa uchumi, wa ualimu, wa udaktari, wa kilimo. Kila mmoja wetu anajua fundi mmoja: wa redio, wa pirogi, wa baiskeli, wa kukamua mawese. Achague mmoja. Aende na daftari, au na simu ya kurekodi, aketi naye nusu siku. Aandike vipimo, si sifa tu. Mizunguko mingapi, waya unene gani, mti upi, unakatwa mwezi gani. Aweke jina la fundi juu ya karatasi, mbele ya jina lake mwenyewe, kama fundi anakubali. Halafu alete hapa tusome.

Mimi nimeanza wiki iliyopita na mzee mmoja wa Alunguli anayetengeneza mashine ya mkono ya kupura mpunga kwa fremu za baiskeli. Kurasa nne tayari. Ananigombeza kila nikikosea kuchora.

Mzee Mingiedi apumzike kwa amani. Na fundi wangu wa Mikelenge anisamehe.

Naomba kwenye maoni muandike: fundi wenu ni nani, na mtakwenda lini?